Sifa za Kijiti cha Mashine

Vijiti wanavyopokezana wanasiasa hupigiwa ngoma na matarumbeta. Ninachokisifu mimi hakijawahi kugombewa na mtu. Kinalala kwenye maranda pale Keko, wilayani Temeke, mguuni pa mashine ya kuchania mbao, na asiyekijua hudhani ni kipisi kilichokosa kazi. Ni kijiti cha kusukumia mbao, na leo naomba asimame kila mwenye vidole vyake.

Mtazame kwanza adui anayepambana nacho. Msumeno wa duara wenye upana wa sentimita 30, ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake hukimbia kilomita 170 hivi kwa saa. Treni ya umeme iendayo Dodoma, pamoja na sifa zake zote, inagota kwenye 160. Mbele ya mwendo huo mbabe yeyote hurudi nyuma. Kijiti kinaingiza kichwa. Kikiumwa hakipigi kelele wala hakikimbizwi hospitali. Kinakatwa ncha, kinachongwa upya, kinarudi kazini kikiwa kifupi kidogo, mpaka ufupi uzidi, ndipo kinapostaafu bila kiinua mgongo.

Nasaba yake ni ya chini. Mninga unakwenda kuwa kitanda cha bibi harusi. Chenyewe kinatosheka na kipande cha plaiwudi, tena ndiyo bora, maana haipasuki kirahisi kufuata nyuzi. Urefu ni dhiraa isiyotimia. Kichwani kinatiwa pengo la kukamatia mwisho wa mbao, mkiani kinapigwa msasa kisimchome anayekishika, kisha kinatobolewa tundu la kamba. Vikiwa viwili ndiyo raha: kimoja kinasukuma kwa nyuma, cha pili kinaibana mbao kwenye ubao wa kuongozea kabla haijafika kwenye meno. Chuma hakifai kazi hii, kwani meno yakikigusa vipande vinaruka usoni. Na glavu, mnayoisifia sana, hunaswa na kuvuta mkono mzima.

Tusikizushie miujiza, lakini. Mbao ikiubana msumeno, meno ya nyuma yanayopanda huinyanyua na kumrushia fundi. Hapo dawa ni bapa la chuma la kutenganisha mpasuo, na fundi asimame kwa pembeni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inataka sehemu za hatari za mashine zikingwe. Kinga ikivuliwa kwa kisingizio kwamba inaficha mstari, mzigo wote huangukia kijiti.

Kasoro yake kubwa ni kuwaharibia mafundi jina. Mteja akimwona fundi mwenye vidole saba huamini amefika kwa mzoefu, hulipa bila kubisha. Mwenye kumi ataulizwa ameanza lini. Kidole kilichosalimika hakina kovu la kuonyesha wala hadithi ya kusimulia kijiweni.

Wala anayekimaliza si msumeno. Ni mama lishe, ambaye alfajiri hupita akikusanya vipisi, na ulinzi wa karakana nzima ukaishia chini ya sufuria ya maharage. Vijana wanaojifunza kazi hawakitetei, maana maharage hayo wanayangoja wao. Nashauri kipakwe rangi ya mafuta, nyekundu. Mama lishe hachomi ubao wenye rangi. Moshi wake unaharibu wali.