Mwongozo wa Kupenda Wakati wa Vita

Anayetaka kupenda wakati wa vita ana sharti moja lisilo na mjadala: asife. Waandishi wakubwa wamelipuuza mno sharti hili. Hemingway, katika A Farewell to Arms ya mwaka 1929, anawavusha Frederic na Catherine ziwa kwa makasia usiku kucha, kutoka Italia mpaka Uswisi, anawapa majira ya baridi yenye raha milimani, kisha Catherine anafariki akijifungua na mtoto haponi. Pasternak anamwangusha Daktari Zhivago barabarani mara tu anaposhuka kwenye tramu, mpenzi wake Lara hayupo. Tunalia, tunafunga kitabu, na tunabaki na dhana kwamba penzi la vitani huwa kubwa kwa sababu halikupata nafasi ya kuzeeka. Dhana hiyo siikubali. Penzi lililofika kwenye kupika, kufua, mtoto mwenye homa na maneno ya mama mwenye nyumba ndilo linalostahili kufundishwa, na ndiyo maana masharti yote ya mwongozo huu nimeyachota katika Afterlives ya Abdulrazak Gurnah.

Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Riwaya hii ilitoka Uingereza mwaka 2020, na mwaka uliofuata akatunukiwa Nobel ya Fasihi. Inaanzia siku za Vita vya Maji Maji, inapita Vita vya Kwanza vya Dunia na kuendelea mbele sana, na moyo wake uko katika mji wa pwani wa koloni la Wajerumani ambao mwandishi hakuutaja jina. Wapenzi ni Hamza na Afiya. Hawakutani vitani. Wanakutana bunduki zimeshanyamaza, mmoja anachechemea na mwingine ana mkono uliowahi kuvunjwa, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Maandalizi lakini huanza mapema zaidi, utotoni, na hayahusu mahaba hata kidogo. Mfundishe dada yako kuandika. Ilyas, kaka yake Afiya, alipotea nyumbani akiwa mdogo, akaangukia mikononi mwa askari wa Wajerumani, akasomeshwa misheni. Anaporudi anamkuta mdogo wake anatumikishwa katika nyumba ya watu anaowaita mjomba na shangazi. Anamtoa, anakaa naye mjini, anamfundisha herufi moja baada ya nyingine. Baadaye anaamua kwenda jeshini, na mtoto anarudishwa kulekule alikotolewa. Siku mjomba anapogundua kwamba msichana anajua kuandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Afiya anaandika maneno machache ya kuomba msaada, karatasi inamfikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, na Khalifa haulizi mara mbili: anakwenda kumchukua. Katika riwaya iliyojaa mizinga na bunduki za rashasha, hakuna silaha inayomwokoa mtu kwa uhakika kama kikaratasi kile. Kwa hiyo ukiulizwa penzi la Hamza na Afiya lilianza lini, jibu kwamba lilianza siku ile mtoto wa kike aliposhikishwa kalamu, miaka mingi kabla Hamza hajauona mlango wa nyumba ya Khalifa.

Sharti linalofuata ni gumu zaidi: usiipende himaya. Ilyas aliipenda. Wenzake barazani wanamsimulia Wajerumani walivyonyonga watu na kuchoma vijiji. Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, iliua watu makumi kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi, mashamba na maghala yakiteketezwa ili waasi wakose chakula. Yeye anajibu kwamba Wajerumani aliowajua yeye walikuwa watu wema. Na anasema kweli. Walimlea, walimsomesha, walimwimbisha. Hapo ndipo mtu anaponaswa: wema wa watu wawili watatu unageuzwa deni, na deni hilo linadaiwa na dola nzima. Ilyas anakwenda kulilipa mwaka 1914 kwa kuvaa magwanda ya Schutztruppe, jeshi la koloni lenye maofisa wa Kijerumani na askari Waafrika, na dada yake hamwoni tena. Ukiwa unatafuta maana ya maisha yako, nakusihi usiipokee kutoka kwa mtu anayekupa pamoja na bunduki.

Hamza naye alijipeleka mwenyewe jeshini. Alikuwa anakimbia maisha mabaya, na jeshi lilionekana kuwa mlango. Kambini afisa mmoja anamteua kuwa mtumishi wake, anamfundisha Kijerumani, anataka siku moja kijana huyu aweze kumsoma Schiller, mshairi wa Kijerumani. Lipo jambo la kweli kati yao, kitu kinachokaribia upendo, na Gurnah ana ujasiri wa kutolikataa. Lakini mmoja anaweza kuamuru na mwingine hana ruhusa ya kuondoka. Afisa anamkaripia leo, anambembeleza kesho, anamsogeza karibu kisha anamkumbusha nafasi yake. Wakati wote huo vita vinaendelea kula watu. Majeshi ya pande zote yanapora chakula cha wanakijiji. Wapagazi wanaanguka njiani chini ya mizigo. Kwa upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja, na vifo vyao vinahesabiwa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na uchovu zaidi kuliko risasi. Vita vinaelekea ukingoni, sajini wa Kijerumani, aliyekuwa akimchukia Hamza kwa sababu ya upendeleo ule, anamkata kwa upanga. Afisa anamwacha misheni atibiwe, na anamwachia kitabu cha Schiller. Sharti ni hili: upendo wa mwenye cheo upokee kama ulivyo, chukua kitabu, kisha ondoka.

Kuondoka kunamrudisha pwani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Hamza anarejea katika mji aliokaa zamani, hana nauli, hana jamaa, hana kitu cha kujivunia isipokuwa kwamba yu hai. Mwongozo mwingine wowote wa mapenzi ungemshauri kwanza anunue kanzu nzuri. Mimi namuunga mkono kwa alichokifanya: aliomba kazi. Nassor Biashara, mfanyabiashara, anamweka ghalani, halafu anamruhusu kwenda karakana ya useremala kujifunza kwa Mzee Sulemani. Khalifa, ambaye sasa ndiye mlezi wa Afiya, anampa chumba cha kulala pembeni mwa nyumba yake.

Kwa ajili ya karakana ile ningemlazimisha kila kijana aliyetoka vitani kuisoma riwaya hii. Kwa miaka kadhaa mikono ya Hamza imefundishwa kuharibu. Sasa inafundishwa kupiga randa, kusugua ubao, kuunganisha mguu wa meza na meza yake. Hakuna anayemwambia kwamba hii ndiyo maana ya maisha. Mzee Sulemani si mtu wa mahubiri, anataka ubao ulale sawa tu. Siku zinapita, kijana anaanza kuamka akiwa na jambo la kufanya ambalo halimdhuru mtu. Wanafalsafa wa Ulaya waliandika majuzuu mazito juu ya maana baada ya vita vile, na sina ugomvi nao, lakini Gurnah ameieleza kwa viti na mbao, na mimi nimemwelewa yeye.

Sasa tunafika kwenye kutongoza, na hapa naomba msomaji atulie.

Hamza hana mali. Hawezi kutuma mshenga, kwa sababu mshenga ataulizwa kwao ni wapi. Hawezi kukaa na Afiya uwani, kwa sababu Bi Asha, mke wa Khalifa, ana macho. Anachomiliki ni kile kitabu cha Kijerumani. Basi anachagua shairi la Schiller linalozungumzia wapendanao wasioweza kusema mbele za watu, anageuza beti zake za mwanzo kuwa Kiswahili, anaandika kwenye karatasi, anampa. Zingatia kilichotokea hapo. Lugha aliyofundishwa ili amtumikie afisa, kambini, katikati ya matusi na viboko, ameivua kazi yake ya kwanza na kuitumia kumwambia msichana wa pwani kwamba anamwona. Na msichana anaweza kuyasoma maneno hayo kwa sababu ya kaka aliyemfundisha kabla hajapotelea katika jeshi lilelile. Vita vimepita katikati ya maisha yao wawili, vikavunja mkono huku na nyonga kule, na kutoka kwenye vifusi hivyo wamechomoa kalamu na shairi. Kwa hiyo kama huna mali, tafuta shairi zuri la mtu mwingine, lisomeke kwa lugha ya umpendaye, na usidai kwamba ni lako.

Usimsubirishe pia. Afiya hakungoja afuatwe. Anaonyesha anachokitaka, anatafuta nafasi, anakwenda mwenyewe chumbani kwake. Wapo watakaonuna kwa sehemu hiyo. Mimi nafurahi kila ninapoifikia, kwa sababu msichana aliyepigwa kwa kujua kuandika amefika mahali pa kuamua jambo lake bila kuomba radhi.

Kisha sema yaliyokupata, lakini kidogo kidogo. Hamza anapiga kelele usingizini. Afiya anataka kumjua, anauliza, naye mwanzoni ananyamaza, maana mengine aliyoyaona hayasemeki na mengine anaona aibu kuwa alikuwepo. Afiya hamlazimishi na hasahau kuuliza tena. Ndoa nyingi za waliotoka vitani zimevunjika katika jambo hili dogo, aidha mmoja anadai kila kitu kwa usiku mmoja au mwingine anafunga mdomo maisha yote. Hawa wawili wanapata kitu cha katikati, na kinawachukua miaka.

Kuhusu mama mwenye nyumba sina mengi. Bi Asha hampendi Hamza, anamwona mtu asiye na asili, na amebeba uchungu wake mwenyewe tangu alipoozwa bila kuulizwa. Mvumilie, mwamkie shikamoo kila siku, mtunze anapougua. Na upate baraza: Khalifa na rafiki zake, Maalim Abdalla na Topasi, wanaokaa jioni kuzisaga habari za dunia nzima, watakupokea kabla hujajieleza. Khalifa ndiye anayesimamia ndoa ile ifungwe, kwa maneno makali na moyo mwepesi kuliko wa mtu yeyote kitabuni.

Wanaoana, wanapata mtoto, wanampa jina la mjomba wake, Ilyas. Hapa waandishi wengine wangeweka kalamu chini. Lakini mtoto anaanza kunong'ona kwa sauti isiyo yake, akimwulizia Ilyas aliyepotea, mpaka nyumba nzima inaingiwa na hofu na waganga wanaitwa. Aliyepotea hajazikwa, kwa hiyo hajatulia, na wapendanao hawawezi kujifungia ndani na furaha yao. Hili ndilo sharti la mwisho, ndilo pia zito kuliko yote: mtafute.

Mtoto huyo, akishakuwa mtu mzima, mtangazaji wa redio, anapata nafasi ya kusoma Ujerumani Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anatumia muda wake kupekua majalada. Anagundua kwamba mjomba alifika Ujerumani, akaitwa Elias, akawa mwimbaji, akaandamana pamoja na watu waliodai koloni zirudishwe, akakamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Himaya aliyoipenda haikumpenda hata siku moja. Lakini mwanawe wa Kijerumani, Paul, alimfuata kambini kwa hiari ili baba yake asiwe peke yake, naye akafia humo. Kwa tendo la Paul sina maelekezo. Nalitaja kwa heshima na kupita.

Riwaya haikuitunga hatima ya Ilyas kutoka hewani. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akiitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alikuwa askari-mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaenda Berlin mwaka 1929 kudai mishahara yake na ya baba yake, akanyimwa. Akasaidia kufundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu, ikiwemo ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mwasisi wa koloni lile la Wajerumani. Mwaka huohuo alikamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafariki Sachsenhausen. Tangu 2007 lipo jiwe dogo lenye jina lake mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße 193, Berlin.

Kwa hiyo kama katika ukoo wenu yuko babu aliyekwenda kuwa askari au mpagazi na habari zake zikakatika, anza leo na wazee walio hai, kabla ya kwenda kwenye nyaraka za Dar es Salaam, London au Berlin. Waulize kijiji, waulize nani alikuwa jumbe wakati anaondoka, waulize aliacha mke au mchumba. Kisha waulize majina yote aliyowahi kuitwa, la nyumbani, la jeshini na la ubatizo kama alibatizwa, pamoja na la baba yake, kwa sababu makarani walikuwa wakiandika walichokisikia, na akina Mohamed katika daftari zao ni wengi mno.