Jamaika Isiyo na Wajamaika

Mtalii anayepanga likizo katika visiwa vya Karibi hujiona mjanja agunduapo kwamba mwezi wa Septemba hoteli za Montego Bay, Jamaika, hushusha bei, asijiulize ukarimu huo umetoka wapi, ilhali msimu wa vimbunga, yaani dhoruba kali zinazozaliwa baharini, hudumu kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba hiyohiyo. Kisha huchagua hoteli ya malipo ya jumla, ambayo chumba, chakula na vileo vyake hulipiwa kwa mkupuo mmoja, huku akitangaza kuwa anakwenda kuwafahamu Wajamaika. Nao, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya mwaka 1956, hawana haki ya jumla ya kuogelea pwani ya kwao, hivyo atawafahamu barabara wale waliovaa sare, wanaomletea taulo.