Kinjikitile Si Wa Jukwaani

Msyuu! Jana jioni tumekaa hapa Kivinje, karibu na Mwembe Kinyonga, vikombe vya kahawa mkononi, kijana wa sekondari akasema mbele ya wazee: Kinjikitile, yule wa Vita vya Maji Maji, alikuwa tapeli, kawadanganya watu kwa maji ya mto. Nilifyonza mpaka muuza kahawa akageuka.

Mwanangu, huyo uliyemsoma darasani ni Kinjeketile wa jukwaani. Ebrahim Hussein, mtoto wa Lindi, aliutoa mchezo ule 1969, na mwenyewe alikwisha kueleza kwamba mtu wake ni wa kubuni. Naupenda sana mchezo ule. Lakini mtu halisi, wa Ngarambe, utamhukumu vipi kwa maneno aliyotiwa mdomoni miaka 64 baadaye?

Yule wa Ngarambe alikuwa mtu wa dini. Wazee wa Kimatumbi walisimulia kwamba mzimu Hongo alimchukua, akazama bwawani, kesho yake akatoka nguo kavu. Watu wakamiminika kutoka Umatumbi na Ungindo kwenda kuonana na wafu wao. Walikuwa na njaa, nguruwe pori shambani, akida wa Mjerumani mlangoni. Maji yale, na mtama wake na mafuta yake ya mbarika, yaliaminiwa kwa shida zote hizo. Ninyi mmeshika habari ya maji kuzuia risasi tu, kama vile hawakuwa na jingine la kuomba!

Mwisho wa Julai 1905 watu wa Nandete wakang'oa pamba ya Mjerumani. Tarehe 4 Agosti, Mjerumani akamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Vita ndiyo kwanza vinaanza! Vikaenda hadi Ungoni, hadi 1907, yeye keshazikwa, na maji bado yanatafutwa. Tapeli gani huyo? Na waliokufa, ambao wako wanahistoria wanaowafikisha 300,000, wengi wao hawakuuawa na risasi. Mjerumani alichoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi. Hilo mbona halisemwi?

Msyuu.

Nikamuuliza kijana: mdogo wako alipopata homa, bibi alimpa nini?

Akainama. "Kombe, babu."

Aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa, mtoto akanywa. Nani alimwita bibi yako tapeli?

Hakujibu. Nikamwambia muuza kahawa amwongezee kikombe, nalipa mimi, maana nilitaka akae nimsimulie na habari za mzimu Bokero.