Changizo Lisilomkimbiza Muumini: Mwongozo kwa Parishi za Bukene na Jirani Zake

Kanisa linavuja. Kamati imekutana mara tatu, chai imenyweka, na uamuzi umepatikana: tuitishe changizo. Tangazo likisomwa tu, nusu ya waumini wanakumbuka kwamba Jumapili hiyo wana mgonjwa wa kumtazama Nzega mjini. Mwongozo huu umeandikwa ili wagonjwa wa Jumapili wapungue na bati lipande juu ya kenchi. Dayosisi ya Tabora, iliyoanzishwa mwaka 1989, haiwezi kumwezekea kila mtu kanisa lake. Paa la Bukene litatoka Bukene, na linaweza kutoka, mkifuata haya.

1. Tazama kalenda ya shamba kabla ya kalenda ya kanisa.

Februari ni mwezi wa palizi na wa kuhesabu michembe iliyobaki kwenye kihenge. Ukisimama mbele ya watu Februari ukaomba fedha, utapata Amina nyingi na shilingi chache, na hao wachache waliotoa wamekula pungufu wiki hiyo. Subiri mpunga uvunwe na karanga ziuzwe. Wakulima wa pamba na wa tumbaku hulipwa kwa misimu ya masoko yao, kwa hiyo waulize wenyewe. Sikukuu ya Mavuno ndiyo siku yako. Kazi za mikono nazo zipange kiangazi: tofali linakauka, barabara inapitika, na mwenye jembe yupo nyumbani.

2. Gawa mzigo, kisha mwoneshe kila mtu kipande chake.

Usitangaze kwamba zinahitajika milioni kadhaa. Milioni ni za mtu mwingine. Kila aliyekaa kwenye benchi anageuka kumtafuta. Tangaza mabati, misumari, mifuko ya saruji, mbao. Kama kanisa linataka mabati 60 na mna kaya 60, sema: kaya moja, bati moja. Mwenye uwezo atabeba matatu, wajane wawili watashirikiana moja, na hakuna atakayejiona hana sehemu.

Watu wa huku walilijua hili zamani. Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya msafiri Mwingereza Stanley akiomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Siku chache baadaye chama cha Kianglikana cha CMS kikapokea ahadi ya pauni 5,000 kutoka kwa mtu aliyeficha jina, akajiita tu mtumwa asiye na faida. Kwa fedha za namna hiyo safari iliondoka mwaka 1876, na muda si mrefu CMS ikawa na kituo Uyui, karibu na Tabora. Lakini pauni hazina miguu. Boti yao iliyoitwa Daisy ilifika Ziwa Victoria ikiwa vipande vipande, mabegani mwa wapagazi. Katika njia za misafara, ambako Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo, mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Hakuna mtu mmoja awezaye kubeba boti, ila boti ilifika. Kwa hiyo tukitaja wafadhili wa kanisa letu, tuanze na wenye mabega hayo, ambao majina yao hayakuandikwa.

3. Mheshimu kuku.

Atakuja bibi na kuku amemfunga miguu kwa kamba ya katani, atasema, "Mwanangu, hela sina, nimekuja na huyu." Jibu ni moja: "Shikamoo bibi, karibu, Mungu akuzidishie." Usimwambie akamuuze kwanza sokoni. Baada ya ibada, chini ya mwembe, mnadi amwinue kuku huyo juu watu wamwone, na mnada uanze.

Weka utaratibu huu: kila anayepandisha bei hulipa nyongeza yake papo hapo kwenye beseni, ashinde asishinde. Mmoja ataanza na elfu tano. Kwaya itaongeza elfu mbili kwa pamoja. Vijana watatoa mia tano tano mpaka wapite kwaya. Atakayeshinda atamkabidhi kuku kwa mama mchungaji, mama mchungaji atamrudisha mnadani, na kuku yule yule atauzwa upya kabla hajanywa maji. Mwishowe kuku wa elfu kumi ameleta saruji ya kupiga sakafu ya madhabahu, na kijiji kizima kinajua ni kuku wa nani. Fanya hivyo hivyo kwa debe la karanga, mkungu wa ndizi, chupa ya asali na bakuli la matobolwa. Mnadi asichaguliwe kwa cheo. Achaguliwe kwa sauti, kwa kuwafahamu watu, na kwa moyo wa kutomwaibisha asiye na kitu.

4. Wajumbe wachache, majembe mengi.

Kamati ya watu 14 hujadili wino wa mhuri. Chagueni watano: anayejua kuhesabu, anayejua kuandika, anayejua ujenzi, mama mmoja ambaye watu humfuata, na kijana mmoja mwenye baiskeli. Wengine wote wapangiwe zamu: kusomba mchanga, kubeba madumu ya maji, kuchoma tofali, kupika. Anayejitolea apewe chakula. Ugali na nsansa vinatosha, mradi viive kwa wakati, maana mtu akirudi nyumbani na njaa wiki hii, wiki ijayo atatuma salamu.

Na msidanganyike kwamba watu wetu hawajitolei. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na Nzega vilichoshwa na wezi wa ng'ombe, vikaanzisha Sungusungu. Hapakuwa na mshahara wala posho ya kikao. Palikuwa na zamu, yowe, na watu walioona wazi kwamba ng'ombe wanaolindwa ni wao. Muumini atakuja kwenye zamu ya kanisa siku atakapoona kanisa ni lake.

Siku ya kazi iandikwe daftarini kama fedha inavyoandikwa. Kijana aliyesomba mchanga safari nane na mfanyabiashara aliyetoa mfuko wa saruji wasomwe kwenye orodha moja, kwa sauti moja.

5. Mgeni rasmi alipe kama wenyeji.

Mwalikeni, mwandalieni kiti, mpokeeni kwa kwaya. Lakini ahadi yake isiingie kwenye jumla mpaka ifike mkononi kwa mweka hazina. Makanisa mengi yamesimama nusu ukuta kwa sababu fundi aliitwa kwa nguvu ya ahadi.

6. Msaada si maonyesho.

Fungu la wajane, yatima na wagonjwa litengwe kabla ya fungu la rangi. Umoja wa Akina Mama, ambao Mary Sumner aliuanzisha mwaka 1876 katika parishi moja ya mashambani Uingereza, una kazi hii tangu zamani: kuingia nyumba za watu na kujua nani hajapika. Wapeni wao fungu hilo. Waende wawili, jioni, bila bango na bila simu ya kupigia picha. Kilo ya sukari haitoshi bei ya sura ya bibi wa watu kuzungushwa kwenye simu za mtaa mzima.

7. Soma hesabu.

Hii ndiyo kanuni inayobeba nyingine zote. Ndani ya wiki mbili baada ya changizo, mweka hazina asimame na daftari, asome kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na risiti ya duka. Asome fedha za beseni, fedha za simu, na bei ya kila mfuko. Kisha orodha ibandikwe mlangoni, kwa herufi kubwa, ili hata aliyekuwa na mgonjwa Nzega aisome. Fedha za simu zipokelewe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, si kwa simu ya mjumbe, hata awe mcha Mungu kiasi gani; hilo linamlinda yeye kwanza.

Mtu wa Bukene si mchoyo. Huchangia harusi, msiba, ada ya mtoto wa ndugu na nauli ya mgonjwa, tena kwa mwezi mmoja. Anachokataa ni kutoa asijue kimeishia wapi. Mwenye kuona bati la mwaka jana liko juu hahitaji kusihiwa kwa la mwaka huu.

Kwa hiyo kama changizo lenu ni Julai, kazi ianze Jumapili hii. Toeni daftari la mwaka jana, lisomeni lote mbele ya watu, pamoja na palipopungua. Baada ya hapo ndipo mtangaze kuku.