Daktari Ana Nyundo, Wewe Una Saa: Vigezo Nane vya Magonjwa ya Ubongo, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Watu wengi wanaamini kwamba ugonjwa wa ubongo hujulikana kwa mashine kubwa inayonguruma, iliyoko hospitali ya rufaa, na inayolipiwa baada ya kuuza ng'ombe. Mashine zina kazi yake na siwezi kuzidharau. Lakini fungua vigezo ambavyo madaktari wa mishipa ya fahamu huvitumia kuutambua ugonjwa, utakuta vimejaa maswali ya mtu aliyekaa kibarazani: ilianza lini, ilichukua dakika ngapi, upande gani, nani aliona?

Basi nimepanga vigezo nane, kuanzia cha nane kwenda cha kwanza. Kinachotegemea zaidi mashine kinakaa chini. Kinachomhitaji zaidi mtu wa nyumbani, yule aliyeona kwa macho yake, kinapanda. Najua kuna daktari bingwa atakayegombana nami kuhusu mpangilio huu. Karibu, bingwa, vuta kiti.

8. Maltipo sklerosisi: mahali pawili, nyakati mbili

Vigezo vyake vinaitwa vya McDonald, kwa heshima ya Ian McDonald, daktari mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi London. Vilitoka mwaka 2001, vikarekebishwa 2005, 2010 na 2017. Hoja yenyewe ni nzuri kuliko jina lake: kwa matoleo hayo, daktari alitakiwa athibitishe kwamba mfumo wa fahamu umedhurika sehemu zaidi ya moja, na kwa nyakati tofauti. Jicho likififia Januari na mguu ukafa ganzi Agosti, hapo kuna hadithi. Tatizo ni kwamba hadithi hiyo kwa kawaida husomwa kwenye picha za MRI, na vigezo vyenyewe vimejengwa zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Shahidi wa nyumbani anabaki benchi. Twende.

7. Miguu isiyotulia: ugonjwa unaojieleza wenyewe

Hakuna picha wala waya hapa, ni maswali matupu. Je, unapata hamu kali ya kuisogeza miguu? Inazidi ukikaa au ukilala? Inapungua ukitembea? Inakuwa mbaya zaidi jioni na usiku? Na je, hakuna sababu nyingine, kama kukakamaa kwa msuli, inayoeleza hali hiyo? Majibu matano ya ndiyo, jina limepatikana. Wajawazito na watu wenye upungufu wa madini ya chuma huipata sana, kwa hiyo kipimo cha damu kitafuata. Dada unayezunguka chumbani saa nane za usiku huku nyumba nzima inakoroma, huna wazimu. Mwambie mkunga wako kliniki, neno kwa neno.

6. Kipandauso: hesabu hadi tano

Kila mtu mwenye kichwa kibaya husema ana kipandauso. Orodha ya kimataifa ya maumivu ya kichwa, toleo la tatu la mwaka 2018, inasema: taratibu! Kwa kile kisicho na dalili za kutangulia kama vimulimuli machoni, yatakiwa mashambulio yasiyopungua matano. Kila moja lidumu saa 4 hadi 72 lisipotibiwa. Kisha yawepo mawili kati ya haya manne: maumivu ya upande mmoja, maumivu yanayodunda, maumivu ya kiasi au makali, na maumivu yanayozidi ukipanda ngazi au kutembea. Juu ya hayo, ama kichefuchefu au kutapika, ama kuchukia mwanga na kelele kwa pamoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipandauso hupewa jembe safari ya tano.

Ndiyo maana daftari la shilingi mia chache linashinda kumbukumbu yako. Andika siku, saa kilipoanza, saa kilipoachia, na ulimeza nini. Hilo la mwisho lina uzito wake: anayemeza dawa za maumivu karibu kila siku anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa hizohizo, nayo yana kigezo chake.

5. Parkinson: tazama kasi, usitazame mtetemo peke yake

Mwaka 1817, London, James Parkinson aliandika kijitabu kuhusu watu sita. Baadhi yao aliwaona barabarani tu. Fikiria hilo: ugonjwa ulielezwa kwa jicho la mpita njia, na maelezo yake bado yana nguvu miaka zaidi ya mia mbili baadaye.

Ukimuuliza mtu yeyote dalili ya Parkinson, atakutetemeshea mkono. Vigezo vya mwaka 2015 vinamsahihisha. Cha lazima ni wepesi kupotea: mwendo unakuwa wa polepole, na kila tendo linalorudiwa linazidi kuwa dogo. Daktari atakuambia gonganisha kidole gumba na cha shahada, upesi na kwa upana, na atatazama jinsi pengo linavyopungua. Baada ya hapo ndipo vinahesabiwa viwili vingine, na kimoja chatosha: ukakamavu wa misuli, au mtetemo wa mkono uliopumzika, wa mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Uliopumzika, nasisitiza. Babu ambaye mkono wake umetulia pajani lakini kikombe cha chai kinamwagika akikiinua, huenda ana jambo jingine kabisa.

Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, ukachapishwa 2008, ulikuta kwamba wengi wa watu wenye ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wanao. Walikuwa wakiishi nao chini ya jina la uzee. Bibi ambaye mwandiko wake umesinyaa, anayevaa khanga kwa nusu saa, ambaye mkono wake mmoja haubembei akitembea: mpeleke. Ukisema "ni umri tu", umempokonya dawa inayoweza kumrudishia mikono yake kwa miaka kadhaa.

4. Kiharusi: alikuwa mzima saa ngapi?

Ufafanuzi wa zamani wa Shirika la Afya Duniani ulitaka dalili zidumu zaidi ya saa 24 au zilete kifo. Zikiisha kabla ya hapo, ziliitwa kiharusi cha kupita. Wataalamu wa Marekani wakabadilisha ufafanuzi wa hicho cha kupita mwaka 2009, wakasema cha kuangalia ni kama sehemu ya ubongo imekufa, maana baadhi ya viharusi "vilivyopita" vilikuwa vimeacha kovu. Saa 24 hizo ni za kitabuni, tafadhali. Asiwepo mtu wa kukaa kando ya kitanda akizihesabu.

Mwambie atabasamu. Mwambie ainue mikono yote miwili. Mwambie aseme sentensi moja. Uso ukienda upande, mkono ukashuka, maneno yakakorogeka: safari.

Na hapa ndipo shahidi anapopanda kizimbani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na dakika 30, na muda huo huanza pale mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho, hata kama alikutwa ameanguka asubuhi. Picha ya CT lazima itangulie, kwa sababu dawa hiyo ikimpata mwenye damu inayovuja kichwani itamzidishia. Lakini CT haijui alilala saa ngapi. Wewe unajua.

Sasa angalia mtego wetu sisi wenye saa za Kiswahili. Unamwambia nesi "saa mbili", unamaanisha alipomaliza kula na taarifa ya habari ikaanza. Yeye akiandika 2:00 kwenye fomu, umemsogeza mgonjwa saa sita mbele. Sema "saa mbili usiku, kabla ya kulala", na uangalie kilichoandikwa.

3. Ugonjwa wa kusinzia kichwa: hesabu vichwa vinavyoinama

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alikuwa akiwatibu watu wenye kifafa. Miongoni mwao aliwaona watoto ambao vichwa vyao viliinama na kuinuka, vikainama na kuinuka. Aliandika alichokiona. Miongo kadhaa baadaye, watoto wa namna hiyohiyo wakaonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, na mwaka 2012 wataalamu wakakutana Kampala kukubaliana: nani tumhesabu?

Walitengeneza ngazi tatu. Anayeshukiwa ni yule ambaye inasemekana anainamisha kichwa, na awali alikuwa mzima. Anayeelekea kuwa nao ni aliyeanza akiwa na umri wa miaka 3 hadi 18, anayeinamisha kichwa mara 5 hadi 20 kwa dakika, na mwenye walau jambo moja la ziada: chakula au baridi humwamshia hali hiyo, amedumaa, ana shida nyingine za fahamu au tabia, au wapo wengine kama yeye jirani. Aliyethibitishwa ni yule ambaye mhudumu aliyefunzwa ameliona tukio hilo kwa macho yake, au limerekodiwa kwa video.

Video! Simu iliyojaa picha za harusi ya binamu inaweza kumpandisha mtoto ngazi nzima. Mama anayesema "huanza nikimpa ugali" ametoa kigezo, naye apewe kiti cha mbele. Ugonjwa huu una uhusiano mkubwa na usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito, kwa hiyo mtaa mzima una sababu ya kumeza dawa ya usubi inapogawiwa.

2. Konzo: kimbia nikuone

Hiki ndicho kigezo ninachokipenda kuliko vyote kwa ufundi wake. Kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996, na nesi anaweza kukitumia chini ya mwembe, mahali pasipo hata waya mmoja wa umeme.

Konzo, ugonjwa wa kukakamaa kwa miguu, ilielezwa mwaka 1938 na daktari Trolli huko Kwango, Kongo. Mwaka 1981 ililipuka Nampula, Msumbiji, ikawashika zaidi ya watu elfu moja; daktari Mswidi Hans Rosling alikuwa mmoja wa walioichunguza. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ikafika Tarime, Tanzania. Chanzo ni mihogo michungu ambayo haikulowekwa vya kutosha, ikiliwa wiki baada ya wiki bila maharage, samaki wala nyama. Sianidi inabaki kwenye unga, na mwili hauna protini ya kuiondolea sumu. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Vigezo ni vitatu. Kwanza, mwendo: miguu yote miwili imekakamaa kwa usawa, na unaiona mtu akitembea au akikimbia. Ndiyo, akikimbia. Mtoto ambaye konzo imemgusa kidogo anaweza kutembea vizuri mbele ya daktari. Mwambie akimbilie mpira, miguu itasema kweli. Pili, historia: alikuwa mzima, hali ikaja ndani ya muda usiofika wiki moja, kisha ikasimama pale ilipofika. Tatu, nyundo: magoti au vifundo vya miguu vinaruka kupita kiasi pande zote mbili, na mgongo hauna ugonjwa.

Kila neno humo ni mlango uliofungwa mbele ya ugonjwa mwingine. "Kwa usawa" na "kukakamaa" vinaifungia polio, ambayo huulegeza mguu, mara nyingi mmoja kuliko mwenzake. "Ikasimama" inavifungia virusi vya HTLV-1, ambavyo huendelea kudhoofisha miguu mwaka hadi mwaka. "Mgongo hauna ugonjwa" inakifungia kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sentensi tatu tu! Nimesoma ripoti za kurasa mia zilizoshindwa kusema kiasi hicho.

Na kwa kuwa konzo haiponi, utambuzi wa mtoto mmoja ni kengele kwa jiko la kila jirani. Huko Popokabaka, Kongo, akina mama walifundishwa kuuchanganya unga na maji, kuutandaza kwa utando mwembamba, na kuuacha saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi ipotelee hewani kabla ya kupika. Ugonjwa ukazuilika.

1. Kifafa: mara mbili, na mlango wa kutokea

Namba moja, bila ubishi. Kwa ufafanuzi wa mwaka 2014 wa shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, mtu ana kifafa iwapo ameanguka walau mara mbili bila kichochezi, kwa kupishana zaidi ya saa 24. Au ameanguka mara moja, lakini uwezekano wa kurudia ndani ya miaka 10 ijayo unafika walau asilimia 60, kwa mfano kwa sababu ya kovu la kiharusi. Au ana mojawapo ya aina za kifafa zinazotambulika kwa sura yake.

"Bila kichochezi" ni maneno yenye huruma kubwa. Mtoto aliyepata degedege kwa malaria au homa kali hana kifafa kwa sababu hiyo. Mtu wa kisukari aliyeishiwa sukari akatikisika, vilevile. Usimpe jina ambalo halijawa lake.

Kipimo cha mawimbi ya ubongo husaidia, lakini kikitoka safi hakifuti kifafa. Anayeanguka naye hakumbuki. Kwa hiyo ushahidi wote uko kwako, jirani uliyekuwepo. Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Kichwa kiligeukia wapi? Mkono upi ulianza? Alipozinduka alijua yuko wapi? Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usiogope mate yake kwa kuwa hayaambukizi kifafa, na tazama saa. Ikipita dakika 5 hajaacha kutikisika, ni dharura, mkimbize hospitali.

Kilichokipa namba moja ni kipengele ambacho watu wachache wanakijua. Ufafanuzi huohuo una kigezo cha kutoka. Aliyekaa miaka 10 bila kuanguka, na miaka 5 ya mwisho kati ya hiyo bila dawa ambazo daktari wake alimpunguzia hatua kwa hatua, kifafa chake huhesabiwa kuwa kimekwisha. Vivyo hivyo kwa aliyekuwa na aina ya utotoni na sasa ameuvuka umri wake. Si hakikisho kwamba hakitarudi kamwe, lakini wataalamu wenyewe wamekubali kuliondoa jina hilo. Kama kuna mtu mtaani kwenu aliyefikia hapo na bado anaitwa kwa ugonjwa wake, ananyimwa mchumba na kazi kwa ajili yake, mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake.