Sinia la Mwenyekiti Nyani

Wanyama wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, waligombania asali kila mwisho wa mwezi mpaka Mwenyekiti Nyani alipoleta dawa. Alirudi kutoka Mbarara na sinia la bati, pana kama kitanda, akalifunga juu ya gurudumu la baiskeli.

"Ndugu zangu," alisema, "mkono una upendeleo. Sinia halina kabila. Asali tunaimwaga katikati, Punda anazungusha, ninyi mnakaa ukingoni na vikombe vyenu. Itawafikia wote sawasawa."

Mwezi wa kwanza Nyuki walitoa mitungi kumi. Punda akazungusha, asali ikatambaa pande zote, ikafika ukingoni, ikachuruzika vikombeni. Wanyama wakala. Walipoondoka, Nyani alibaki kulinda mali ya umma, na sinia likaonekana asubuhi linang'aa. Kwenye daftari aliandika: gharama za uendeshaji.

Mzee Kobe, ambaye hana haraka ya kwenda popote, ndiye aliyeinama kutazama. Aliona asali iliyogusa bati haiendi nje hata kidogo. Inazunguka na bati basi. Inayosogea ni ile iliyopanda juu yake, nayo kadiri ilivyo karibu na bati ndivyo inavyoburutwa. Ndiyo maana tabaka nene la asali hukimbia na jembamba hukwama: unene ukipungua nusu, kasi ya kupungua hushuka hadi sehemu moja ya nane. Ukitaka utando wa mwisho uwe nusu ya ulivyo, zungusha kwa muda mara nne. Punda aliposikia "mara nne" alilala chini. (Hesabu yenyewe si ya Kobe. Watafiti Emslie, Bonner na Peck waliichapisha mwaka 1958, mwaka uleule ambao Nakivale huhesabiwa kuwa ilifunguliwa.)

Kisha Nyuki wakapunguza mgao. Binadamu wa kambini wanalijua hilo: Aprili 2020 posho yao ilishuka hadi asilimia 70, na Februari 2021 hadi 60. Kwa wanyama mitungi kumi ikawa mitano, mitano ikawa mmoja, mmoja ukawa kikombe. Sinia lenyewe halikupunguza kitu. Utando unaobaki haukumbuki ulimwaga kiasi gani. Uwe umeanza na mitungi kumi au mitano, ukizungusha kwa kasi ileile na muda uleule, hubaki karibu unene uleule. Mwezi wa kikombe, asali yote iliishia kuwa utando. Ukingoni hakikufika kitu, na waliokaa huko wakaambiwa majina yao hayajahakikiwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akauliza Kobe, "sinia linabaki na kiasi gani?"

"Kilekile cha siku zote, Mzee wangu. Sijaongeza hata tone."

Na alisema kweli. Hilo ndilo lililomfanya asishikike.

Sungura akashauri asali ianikwe juani iwe nyepesi, ikimbie. Ikaundwa kamati ya jua. Kiboko akashauri sinia dogo, akaulizwa kama anataka kuwadhalilisha wakazi. Mwishowe Nyani akasoma azimio: kwa kuwa idadi ya wanyama imeongezeka, liagizwe Mbarara sinia kubwa mara mbili. Likapita kwa kauli moja, ukimtoa Kobe, aliyekuwa bado anainua mkono.