Jimbo Bado Halijawa Tayari

Watu wetu wengi wanaohamia Marekani hudhani kodi ya mapato ni moja. Unamalizana na IRS, idara ya kodi ya shirikisho, unarudishiwa chako, unatuma kidogo nyumbani, maisha yanasonga. Halafu wanagundua kuna serikali ya pili inayowasubiri mlangoni, yaani jimbo, nayo ina fomu zake, viwango vyake na ukaidi wake. Majimbo 41 hutoza kodi mishahara, na hutapata mawili yanayokubaliana kwa kila jambo. Kila ndege huruka na ubawa wake. Sisi tunaojaza ritani za watu kwa malipo ndio tunaookota manyoya.

Kitendea kazi chetu ni programu maalumu ya kodi, ile ya ofisini, si ile ya bure ya kwenye simu. Kuanzia Januari, kila asubuhi ukiifungua inadai masasisho. Fomu za shirikisho hufika mapema kiasi. Za majimbo hufika zikijisikia. Fomu ambayo idara ya kodi ya jimbo haijaipitisha, programu hukuruhusu kuijaza na hata kuichapa, ila inatoka na maandishi makubwa ya kijivu yaliyokatiza ukurasa kutoka pembe hadi pembe: USIWASILISHE. Mteja akiyaona, rangi humtoka usoni. Wengine huyapiga picha na kumtumia mke, na kabla sijafika ukurasa wa pili simu imeshalia: ati mzee amekamatwa?

Ofisi yetu iko kaskazini mwa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, mahali ambapo foleni ya Februari husalimiana kwa Kiswahili, Kikisii na Kisomali. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, na ndani kompyuta imetulia inashusha fomu za Hawaii. Sina mteja wa Hawaii. Sijawahi kumwona mtu wa Hawaii. Alaska, ambayo angalau tungeelewana nayo kuhusu baridi, haina kodi ya mapato ya watu binafsi, kwa hiyo haituletei kitu. Sasisho likifika asilimia 97 linagoma pale pale, kama matatu inayosubiri abiria wa mwisho: injini inanguruma, utingo anapiga bati, na gari haliendi. Likimaliza, linaleta maelezo mafupi: “Tumerekebisha hitilafu iliyozuia jedwali la wasio wakazi kuchapika.” Limezuiwa tangu lini, hawasemi.

Jedwali hilo si mzaha kwetu, kwa sababu jirani yetu ni Wisconsin. Zamani majimbo haya mawili yalikuwa na mapatano: ukiishi huku na kufanya kazi kule, unalipa kodi unakoishi tu. Mapatano yakavunjika, na tangu 2010 kila upande unajitoza wake. Na North Dakota na Michigan bado tunapatana, ni Wisconsin tu tuliyekosana naye. Basi kijana anayelala Minnesota na kupakia mizigo ghalani ng'ambo ya mto wa mpakani anahitaji ritani mbili za majimbo: ya Wisconsin kama mgeni, ya Minnesota kama mwenyeji, na juu yake jedwali linaloitwa M1RCR, lililotungwa kwa ajili ya kodi iliyolipwa Wisconsin peke yake. Ukiniuliza, hilo ndilo kumbukumbu rasmi ya ugomvi wa majirani. Na programu nayo inauendeleza ugomvi huo: wiki hii Wisconsin iko tayari na Minnesota bado, wiki ijayo Minnesota iko tayari na Wisconsin inarekebishwa.

Msimu wa kodi za 2025 ulileta balaa jipya. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliruhusu punguzo kwa malipo ya ovataimu. Mama mmoja anayehudumia wazee, ambaye kwa ovataimu hana mpinzani, alikaa mbele yangu akiwa ameshapanga matumizi.

“Mwanangu, Trump alisema ovataimu haina kodi.”

“Ni kweli kiasi, mama. Ile nusu ya ziada tu, isizidi dola 12,500, na ni kwenye kodi ya shirikisho.”

“Na Minnesota?”

“Minnesota inaanza hesabu yake kabla punguzo hilo halijaondolewa.”

“Kwa hiyo wao hawakumsikia?”

“Walimsikia, mama.”

Aliitazama skrini kwa huruma, akaniambia: “Hebu isasishe tena, pengine imesahau.”

Wateja wengi huamini hivyo, kwamba ndani ya sasisho linalofuata kuna dola zao. Na sitawalaumu, maana mwaka 2021 iliwahi kutokea. Tarehe 11 Machi, msimu ukiwa umepamba moto, Rais Biden alisaini sheria iliyosamehe hadi dola 10,200 za malipo ya ukosefu wa kazi ya mwaka uliotangulia. Programu ya shirikisho ikasasishwa. Minnesota ikakaa kikao, ikakaa kingine, ikakubali tarehe 1 Julai, wakati watu wengi walikuwa wameshawasilisha na kusahau. Idara ya kodi ya jimbo ikalazimika kukokotoa upya ritani zaidi ya 500,000. Tangu hapo hakuna mteja ninayeweza kumshawishi kwamba “bado” maana yake ni bado tu.

Programu yenyewe naitukana kila siku, lakini haina kosa. Haitungi sheria, inasubiri wabunge wamalize kubishana na idara imalize kupitisha fomu, kisha inatuletea matokeo tukiwa na mteja kitini. Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, njoo na W-2 zako zote, zile fomu za mshahara kutoka kwa waajiri, hata ile ya kazi uliyoifanya wiki mbili ukaacha kwa hasira. Usije tarehe 14 Aprili saa mbili usiku. Na ukiambiwa jimbo halijawa tayari, nenda nyumbani ukanywe chai: mwisho ni tarehe 15 Aprili, na hakuna aliyewahi kutozwa faini kwa kuwasilisha tarehe 10 Machi.